Nani Alisafisha Bunduki?

Sijawahi kushika bunduki ya kuwinda. Nimewahi kuelekezewa bunduki, Juni 2024, katikati ya jiji, kama vijana wengi wa rika langu, lakini aliyeishika hakuwa anatafuta swara. Sijui kulenga. Sijui bega linaumwa vipi ukishafyatua. Na bado, kwa miezi minane, nililipa kodi ya keja yangu kule Kahawa Wendani kwa kuwafundisha Wamarekani jinsi ya kusafisha na kulinda bunduki zao wanapokwenda kuwinda mbali, kule ambako hakuna barabara.

Usicheke bado. Kuna msee mahali fulani Montana au Alaska ambaye huenda alifuata sentensi yangu moja, na sentensi hiyo haikuwa sahihi. Ninaandika kwa sababu yake. Pia ninaandika kwa sababu nimechoka kuambiwa, na watu wanaopokea mshahara kila mwisho wa mwezi, kwamba vijana kama mimi ni matapeli wa maneno. Utapeli upo, lakini wanautafuta kwa mtu asiye.

Kwanza kazi yenyewe. Niliacha chuo mwaka wa tatu, karo iliponishinda. Nilichobaki nacho ni laptopu ya mkono wa pili na Kiingereza safi. Kwa hii Kenya, ukiwa na hivyo viwili na bando, una kazi. Sijasema ajira, nimesema kazi. Kuna wanaowaandikia wanafunzi wa ng'ambo insha zao, na kuna sisi tunaoziandikia tovuti za kuuza vitu. Nilikodi akaunti ya jamaa fulani, nikapata mteja wa vifaa vya uwindaji. Dola 7 kwa maneno 1,000, mwenye akaunti akikata mbili. Nikaandika juu ya mahema, viatu vya theluji, darubini, na mwishowe bunduki. Juu ya kila makala palikuwa na jina na picha ya mwanamume mwenye ndevu nyekundu, amepiga magoti kando ya mnyama mwenye mapembe kama matawi. Eti ndiye mwandishi. Hadi leo sina hakika kama mtu huyo yuko duniani.

Na nilisoma. Hili watu hawaliamini, wanadhani tunanakili na kubandika. Nilisoma miongozo ya mafundi, nikasikiliza wawindaji wakibishana saa nzima nzima, kwa kasi mara mbili ili kuokoa bando. Nikajifunza kwamba windo la mbali halifanani na lile la kushuka kwenye gari. Kule Alaska, mwindaji hubebwa na kindege kidogo kinachotua juu ya ziwa au kando ya mto. Rubani anamwacha na mizigo yake, atarudi baada ya siku kadhaa hali ya hewa ikikubali. Hakuna fundi wa bunduki huko. Kila kitu kimo mgongoni na kila gramu inahesabiwa, kwa hivyo sanduku la vifaa linabaki nyumbani. Anabeba kamba yenye brashi ya kuvuta ndani ya mtutu, vipande vichache vya kitambaa, kichupa cha mafuta, na tepu nyeusi, ileile ya fundi wa stima.

Hiyo tepu ilinifurahisha kupita kiasi. Mwindaji akianguka kwenye theluji au tope, mdomo wa mtutu unaweza kuziba bila yeye kujua. Akifyatua hivyo, mtutu unaweza kupasuka karibu na uso wake. Kinga ni kipande cha tepu juu ya mdomo wa mtutu, basi. Wala hakuna haja ya kukibandua mnyama anapotokea, maana hewa inayosukumwa mbele ya risasi hukirusha kabla risasi yenyewe haijafika. Kitu cha bei ya andazi kinalinda chombo cha bei ya shamba. Nilipolielewa hilo saa nane usiku nilimwamsha jamaa niliyekuwa nikiishi naye ili nimwambie. Alinitukana akarudi kulala.

Nikajifunza kwamba kabla ya kugusa chochote unatoa risasi zote, unachungulia, halafu unachungulia tena. Kwamba ukitoa komeo unasafisha kutoka nyuma kwenda mbele, njia ileile risasi inayopita, ili usikwaruze mdomo wa mtutu, kwa kuwa mkwaruzo wa pale mwishoni unaharibu shabaha. Kwamba kitako cha mbao hunywa mvua, kikavimba, kikaukandamiza mtutu, na risasi ikaenda pembeni ingawa hakuna aliyeigusa darubini. Kwamba mafuta mengi si mapenzi. Yakiachwa ndani ya mtutu yanaweza kuipeleka risasi ya kwanza mahali pengine, na kwenye baridi kali mafuta mazito huganda kama samli, yakaichelewesha pini inayogonga fataki. Unavuta, unasikia tik, na mnyama anakuangalia.

Niliyapenda haya yote. Sikutarajia. Nilikuwa nakaa kwenye chumba kimoja chenye paa la mabati, maji yanakuja Jumanne na Ijumaa, na kichwa changu kilikuwa Alaska kikikausha komeo la bunduki kwa kitambaa cha pamba.

Mwaka jana, kwenye kikao cha waandishi hapa mjini, nilisimulia kazi hii. Mzee mmoja wa fasihi, mtu ambaye vitabu vyake nilivisoma shuleni na bado ninavipenda, alitikisa kichwa akasema, "Kijana, andika unachokijua. Hayo mengine ni kuuza kalamu." Ukumbi ukapiga makofi. Nilikaa chini nikiwa nimeshika kikombe cha chai ambayo haikuwa na moto tena.

Shikamoo, mzee. Lakini hebu tuulizane. Hiyo sheria ilianza kutumika lini, na kwa nani?

Theodore Roosevelt alishuka Mombasa Aprili 1909, wiki chache tu baada ya kumaliza urais wa Marekani. Mwaka uliofuata dunia ilikuwa inasoma kitabu chake kinene kuhusu nchi hii, African Game Trails. Ernest Hemingway alikuja huku mwishoni mwa 1933, akawinda kwa miezi michache Tanganyika, na 1935 akatoa Green Hills of Africa. Hakuna aliyewaambia waandike wanachokijua. Walikuja, wakatazama, wakaandika, na vitabu vyao bado vinauzwa kwenye maduka ya hoteli zetu, karibu na vinyago. Mimi nikiandika kuhusu tepu kwenye mtutu, bila nauli ya kwenda kuuona, ndipo sheria inakumbukwa. Naona ni sheria ya wasio na nauli.

Kwa hivyo sikubali. Mtu anaweza kujifunza asichokishika. Daktari si lazima augue malaria ndipo aitibu.

Lakini mzee wa fasihi alikuwa na nusu ya ukweli, ingawa si nusu aliyodhani. Na hapa ndipo inabidi niseme kosa langu.

Usiku mmoja nilikuwa na makala ya kuwasilisha kabla ya saa kumi na mbili asubuhi. Sehemu ya mwisho ilihusu kulala: bunduki iwekwe wapi usiku, baridi ikiwa chini ya sufuri. Bando likaisha. Sikuwa na ya kununua lingine, na M-Pesa ilikuwa na shilingi tisa. Mvua ilikuwa inapiga mabati, mimi mwenyewe nimejifunika blanketi mbili. Nikafikiri kama mtu anayehisi baridi. Nikaandika kwamba kila jioni mwindaji aiingize bunduki ndani ya hema, karibu na jiko, ipate joto, na asubuhi itakuwa kavu na tayari. Sentensi ilikuwa nzuri. Ilikuwa na mdundo. Asubuhi nikanunua bando kwa deni, nikatuma, nikalipwa.

Miezi kadhaa baadaye tulikwenda Kibwezi, ntheo ya dada ya rafiki yangu. Baada ya mbuzi kupokelewa na hotuba kuisha, nikajikuta nimekaa chini ya mwembe na babu yao. Amepita miaka 80, anasikia vizuri kwa sikio moja. Akaniuliza ninafanya kazi gani. Nikamwambia ukweli, nikidhani atacheka: ninawaandikia Wamarekani jinsi ya kutunza bunduki za kuwinda. Hakucheka. Akaniambia, "Soma nisikie."

Nikatoa simu, nikawa namfasiria aya kwa aya. Kumbe mzee huyu alibeba bunduki za wawindaji tangu muda mfupi baada ya uhuru hadi Mei 1977, serikali ilipopiga marufuku uwindaji wa wanyama. Alisikiliza amefumba macho. Kwenye tepu alitikisa kichwa kwa kukubali, akasema wao walitumia plasta ya kufungia vidonda. Kwenye kitako cha mbao akasema, "Kweli." Nikaanza kuvimba kichwa. Halafu nikafika kwenye hema na jiko.

Akafumbua macho. "Ndani ya hema? Karibu na moto?" Akamtazama mjukuu wake kana kwamba anamuuliza huyu mgeni ametolewa wapi. "Kijana, bunduki hutoka jasho."

Nikadhani ni methali. Akaona sikuelewa. Akanyoosha kidole kwenye meza ya wageni, ambako soda zilikuwa zimetolewa kwenye friji dakika chache tu. "Angalia hiyo chupa. Nani ameimwagia maji?"

Hakuna aliyeimwagia. Chupa ilikuwa baridi, hewa ya Kibwezi ni ya moto, na maji yalikuwa yanateremka kwenye glasi hadi kwenye kitambaa cha meza. Nilikuwa nimeyaona maji hayo kila siku ya maisha yangu. Chuma kilichoshinda baridini ukikiingiza kwenye joto kinafanya vivyo hivyo, ila maji hayaishii nje. Yanaingia kwenye komeo, kwenye pini, ndani ya darubini kama imelegea. Asubuhi unatoka nayo nje, na kila tone linakuwa barafu. Unamlenga mnyama, au mnyama ndiye anakujia, unavuta, na bunduki imekufa mkononi mwako. Hiyo ndiyo sentensi yangu yenye mdundo.

Mzee aliniambia kwamba Tsavo tatizo lilikuwa vumbi. Bunduki ilivingirishwa blanketi kwenye gari, na ukifika unaanza na kitambaa kikavu, maana ukipaka mafuta juu ya vumbi umetengeneza msasa. Lakini walipokwenda Nyandarua kumtafuta bongo, ndani ya mianzi, kila kitu kililoa, na usiku mtu alitamani kulala ndani ya moto. Bunduki haikusogezwa karibu na moto hata siku moja. Ilining'inizwa chini ya turubai, kwenye mfuko wake. "Yalala baridi, yaamka baridi," akasema.

Akaniambia pia jambo ambalo sikuwa nimeliona kwenye miongozo yangu ya kisasa. Risasi za zamani, akasema, zilikuwa na chumvi. Baadaye nilikwenda kuthibitisha na ni kweli kabisa: fataki za zamani zilitengenezwa kwa kloreti ya potasiamu, ambayo ikishalipuka huacha ndani ya mtutu kloridi ya potasiamu, ndugu wa chumvi ya mezani. Chumvi huvuta maji ya hewani, na maji huleta kutu, hata kwa usiku mmoja. Mafuta hayaiyeyushi chumvi, yanaifunika tu. Dawa yake ni maji. Kwa hivyo jioni, kabla hajala, yeye alichukua birika la chai, akatoa komeo, akamimina maji yanayochemka ndani ya mtutu hadi chuma chenyewe kikawa cha moto na kujikausha. Halafu kitambaa, halafu mafuta kidogo. Asubuhi, kabla ya kutoka, anayafuta mafuta yaliyo ndani. Siku zake risasi nyingi zilikuwa tayari ni za aina mpya, zisizo na chumvi. "Lakini huwezi kujua bwana ametoa boksi la mwaka gani," akasema. "Kwa hivyo tuliziosha zote."

Nikamuuliza alifundishwa na nani. Na aliyemtangulia. Na huyo? Na aliyemtangulia yeye.

Nikamuuliza, "Kuna kitabu chochote kina jina lako, mzee?"

"Kipo," akasema. "Cha mshahara."

Mjukuu wake akacheka, na mimi pia. Halafu akasema kitu ambacho kimenikaa kifuani tangu siku hiyo. "Bwana akipata mnyama, amepata kwa sababu yeye ni fundi. Akikosa, amekosa kwa sababu mimi sikusafisha bunduki."

Uwindaji ulipofungwa alirudi nyumbani na blanketi mbili na barua ya kumsifu. Baadaye alipata kazi ya ulinzi wa usiku kwenye ghala moja Mombasa. Mtu aliyetunza bunduki za watu kwa zaidi ya miaka kumi alipewa rungu na tochi.

Ngoja nimalize na wale wanaonuna sasa hivi. Sisemi tuurudishe uwindaji. Roosevelt na mwanawe Kermit peke yao walipiga wanyama 512 kwenye ile safari, na mtu yeyote mwenye akili akisoma orodha hiyo anaelewa kwa nini ilifika siku ikabidi nchi ifunge mlango. Nafurahi mlango umefungwa. Wala sisemi waliobeba bunduki walikuwa watakatifu. Nasema walijua kitu, walikijua kwa mikono, na ujuzi huo uliandikwa kama tabia ya wenye bunduki. Kwenye kitabu cha Hemingway mbeba bunduki wake yumo tangu mwanzo hadi mwisho, ana jina, limeandikwa M'Cola, jinsi sikio la mgeni lilivyolisikia. Hatukatai kwamba yumo. Ila hayumo kama mtu anayejua. Yumo kama sehemu ya mandhari ya mtu mwingine.

Tulipotoka Kibwezi niliazima bando kwenye matatu, nikamwandikia mteja nikiwa kabla ya Emali. Nilimweleza kila kitu: aya ipi, sentensi ipi, kwa nini ni hatari, na sentensi ya kuweka badala yake. Nilimwambia silipishi. Alijibu baada ya siku mbili. Alinishukuru kwa kujali. Akasema makala hiyo inafanya vizuri, inaonekana mapema mtu akitafuta, na kuibadilisha kunaweza kuishusha. Akaongeza kwamba hakuna anayefuata mambo haya neno kwa neno. Halafu akanitumia mada mpya: visu vya kuchunia ngozi.

Nikaandika kuhusu visu. Kodi ilikuwa tarehe tano.

Hapo ndipo nataka tukae kidogo, kwa sababu hapo ndipo mimi mwenyewe sitoki safi. Mzee aliponionyesha ile chupa ya soda, kitu cha kwanza nilichohisi hakikuwa hofu kwa ajili ya yule mtu wa Alaska. Nilihisi afueni. Jina langu haliko pale. Mwenye ndevu ndiye ameandika. Yakitokea ya kutokea, atatafutwa yeye, na yeye labda hayuko.

Linganisha sasa. Mbeba bunduki hakupata sifa, lakini lawama yote ilikuwa yake. Kutu ikionekana, anaitwa kwa jina, hata kama ni jina lililokosewa. Kwa hivyo alimimina maji ya moto kwenye kila mtutu, kila jioni, bila kujua boksi ni la mwaka gani. Mimi sikupata sifa, na lawama pia sikupata. Kwa hivyo bando lilipoisha nilibuni. Mwenye ndevu anapata sifa bila kuweza kulaumiwa. Mteja anapata pesa. Na msomaji, ambaye ndiye atakayelala kwenye baridi na chuma kinachotoka jasho, hana mtu wa kumuuliza.

Kwa hivyo ninapodai jina, usidhani nataka nipigiwe makofi. Makofi niliyaona kwenye kile kikao, hayanipi usingizi. Nataka jina kwa sababu jina ni mahali pa kumshika mtu. Waliotuambia kazi hii haihitaji majina walitufanyia mambo mawili kwa mpigo: walituibia heshima, na wakatusaidia kutojali. La kwanza tunalilalamikia kila siku kwenye mitandao. La pili tunalikalia kimya kwa sababu linatufaa.

Na mzee wetu wa fasihi, usituambie tuandike tunachokijua. Ungeniambia hivyo nikiwa na miaka kumi na minane ningeandika kuhusu chumba changu mpaka leo. Tuambie tuandike tunachoweza kukijibia. Mtu akija kesho na komeo lililoganda mkononi, nitamtazama? Nitakuwa na la kumwambia? Kama sina, bora bando liishe na makala ichelewe.

Nanyi wateja wa ng'ambo mnaosoma tafsiri ya haya kupitia mashine zenu: kauli kwamba hakuna anayesoma neno kwa neno ni uongo unaowafaa nyinyi. Mtu aliye peke yake porini, siku tatu kabla ya rubani kurudi, anasoma neno kwa neno. Alilisoma nyumbani, akalikariri, akalibeba. Hana kingine.

Kazi yenyewe imeisha, hata hivyo. Mteja aliniaga mwaka jana, kwa barua ya mistari miwili. Sasa ana mashine inayoandika kwa dakika moja. Nilikuwa na kinyongo, kwa hivyo nikaiuliza mashine moja ya namna hiyo bunduki ilazwe wapi baridini. Ikajibu sawasawa: iache kwenye baridi, kwa sababu ya unyevu. Nikaona haya kwamba imenishinda. Nikaiuliza imejifunza kwa nani. Ikaniambia kwa adabu kwamba imejifunza kutokana na maandishi mengi. Maandishi mengi! Mahali fulani nyuma ya hayo maandishi kuna mtu aliyesimama msituni na birika, na mwingine aliyemtangulia. Safari hii hata kitabu cha mshahara hakipo.

Nilipoamua kuandika makala haya nilimpigia mzee simu kupitia mjukuu wake, nikamwomba ruhusa niweke jina lake. Nilikuwa nimepanga liwe kwenye sentensi ya mwisho, kubwa, kama zawadi. Alinyamaza mpaka nikadhani laini imekatika. Halafu akasema, "Andika lako kwanza. Wewe ndiye ulikosea."

Jina langu liko juu ya ukurasa huu. Na haya ndiyo marekebisho, ambayo mwenye kuyahitaji huenda hasomi Kiswahili, lakini mahali pengine nimenyimwa:

Niliandika kwamba kwenye baridi kali bunduki iingizwe ndani ya hema karibu na jiko. Si kweli, usifanye hivyo. Toa risasi. Futa theluji na maji kwa kitambaa kikavu. Bunduki iliyoshinda baridini ilale baridini, chini ya turubai au kwenye ukumbi wa hema usio na moto, imefunikwa isinyeshewe, tepu ikiwa kwenye mdomo wa mtutu. Kama ni lazima iingie ndani, ifunge kwanza kwenye mfuko usiopitisha hewa, uifunge ukiwa bado nje, ili jasho litoke juu ya mfuko na si juu ya chuma. Usiufungue mpaka chuma kiwe na joto sawa na la ndani. Ikishatoka jasho, usitoke nayo nje kabla hujatoa komeo, ukakausha kila sehemu, na kupaka mafuta mepesi, kidogo sana. Kabla ya kufyatua, futa mafuta yaliyo ndani ya mtutu.

Haya nilifundishwa Kibwezi, chini ya mwembe, kwa chupa ya soda. Kosa la kwanza lilikuwa langu.